Springi Haipunguzi Mzigo

Mannum, 11 Februari 2018

Mdogo wangu Neville,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto la huku. Mto umeshuka mpaka matope yananuka, na nyasi za uani zimekauka zinakatika ukizikanyaga. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Mwanao Tamsin ameniandikia kwamba amejifungua mtoto wa kike. Hongera, babu! Sasa nyoa hizo ndevu, usije ukamtisha malaika wa watu.

Naandika kwa sababu simu na wewe ni kazi bure. Mara ya mwisho nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama nimevamiwa. Injini zimekula masikio yako, kwa hiyo soma.

Habari yenyewe ni ya Merv. Daktari amesema waziwazi: kumbukumbu zinamtoka na hazitarudi. Kila siku mume wangu anasema jambo moja tu, anataka kwenda Karbina, kule kwenye kambi ya reli alikozaliwa, katikati ya uwanda usio na mti hata mmoja. Nilimuuliza daktari, akanijibu, "Kama mnataka kwenda, nendeni kabla baridi ya mwaka huu haijaisha. Baada ya hapo utakuwa unaupeleka mwili tu."

Ndege haipiti huko, na kulala hotelini hakuwezekani tena. Tulijaribu mara moja. Aliamka hajui mlango uko wapi, akalia kama mtoto. Lakini ndani ya karavani yetu, nyumba yetu ya magurudumu, anajua kila kitu kilipo, choo, taa, upande wake wa kitanda. Kwa hiyo karavani lazima iende, na wa kuikokota ni Landkruza letu lile kuukuu. Tangu Merv aache kulishughulikia limekaa tu bandani. Juzi niliifunga karavani nikapanda nayo mlima wa Palmer. Mshale wa joto ulipanda kuliko gari lenyewe, na mkia wa gari ulikuwa umelala chini hadi taa zinamulika matawi ya miti.

Wewe ndiye fundi wa ukoo huu. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Glenys

*

Mareeba, 27 Februari 2018

Dada Glenys,

Shikamoo. Huku mvua haijui kukatika, viatu vinaota ukungu na popo wanakula kila kilichoiva. Mbwa wangu Dizeli anakusalimu. Mjukuu nimemwona kwenye picha. Amefanana na mimi, maskini wa Mungu.

Sasa gari. Usiliogope. Gari la zamani si bovu, limechoka tu kama sisi, na likitunzwa litavuta kuliko haya mapya yanayoongea. Injini ile ya dizeli haina haraka na haina kiburi. Lakini karavani yako ni nzito, na huko unakotaka kwenda barabara imejaa makunyanzi yanayolegeza hata meno.

Anza na rejeta. Usimruhusu mtu akudanganye kwamba ataizibua. Weka mpya, pamoja na mipira yote ya maji na feni. Halafu vuta kijiti cha gia boksi, nusa mafuta yake. Yakinuka mkate ulioungua, yamwage. Gari la gia za kujibadilisha likivuta mzigo huchemsha mafuta hayo kwanza, na watu hawajui hadi siku gia zinapogoma. Muombe fundi aongeze kipozeo cha mafuta ya gia mbele ya rejeta. Ukivuta, usiende na gia ya juu kabisa, mwache mzee anyanyue sauti. Karavani iwe na breki zake za umeme, na kidhibiti chake kikae karibu na mkono wako, ili ikianza kucheza nyuma uishike yenyewe bila kugusa breki za gari.

Huo mkia uliolala usiuguse kwanza. Niachie mimi.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Neville

*

Mannum, 8 Aprili 2018

Neville mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara nyingi kuliko Biblia, Mungu anisamehe. Sikukuu ya Pasaka imepita salama. Wanawake wa kanisani walileta keki zao za makombo ya sukari, Merv akala ya watu watatu. Ana afya nzuri ya mwili. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Rejeta mpya imefungwa. Mafuta ya gia yalinuka kama ulivyosema, tumeyamwaga, na kipozeo kipo. Breki za karavani zinafanya kazi. Nimepanda tena ule mlima na mshale haukutikisika. Nilipiga honi peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini wiki iliyopita injini ilianza kutoa moshi wa buluu na nikadhani ndiyo basi tena. Fundi akavuta kijiti cha oili, akaniangalia. Oili ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kumbe kila asubuhi Merv anaenda bandani, anapima, anaongeza kidogo, anarudi kunywa chai. Baada ya chai anasahau, anaenda tena. Miaka arobaini amelitunza gari hilo na yaliyolitangulia kwa tabia hiyohiyo, hakuwahi kuondoka nyumbani bila kupima oili. Sasa nimeyaficha makopo nyuma ya mashine ya kufulia. Anazunguka akiyatafuta, na mimi naosha vyombo nikijifanya sioni.

Sasa sikiliza. Fundi wa hapa anasema kuhusu mkia kuna dawa rahisi. Ataingiza mifuko ya hewa ndani ya springi za nyuma, aijaze upepo, gari linyanyuke, na tuondoke wiki hii hii. Hali ya hewa ni nzuri. Merv bado ananiita Glen. Niambie niondoke.

Umeniandikia kurasa nne, na humo Merv kapata maneno mawili tu.

Dada yako,
Glenys

*

Mareeba, 22 Aprili 2018

Dada,

Shikamoo. Mvua zimekatika. Tamsin alikuja na mtoto, akanitapikia begani, tumeshakuwa marafiki.

Jibu langu ni hapana. Mifuko ya hewa usiweke. Najua inanyanyua gari likapendeza machoni, ndiyo maana kila mstaafu barabarani anayo. Lakini ule uzito wote unabaki palepale, ila sasa unasukuma sehemu moja tu ya chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Kwenye lami utacheka. Kwenye makunyanzi ya uwandani chesisi itapasuka, na utakuwa peke yako na mgonjwa, hakuna mtu hata wa kumpungia mkono. Nimezichomelea chesisi za namna hiyo mpaka nimechoka. Mifuko haipunguzi mzigo, na wala springi haipunguzi. Kwanza peleka gari na karavani kwenye mizani, ujue unabeba nini. Halafu springi nzito za uzito huo, na vizuia mtikisiko vipya, vifungwe na mtu anayejua.

Mtu huyo ni mimi. Nishaziagiza. Nitazipakia nyuma ya pikapu na kuja mwenyewe mwezi wa sita, nikufungie kwa mikono yangu. Baada ya hapo nenda hata mwezini.

Nisubiri.

Neville

*

Mannum, 10 Juni 2018

Neville,

Nimekusubiri. Bado nakusubiri. Baridi imeingia, asubuhi kioo cha gari kina barafu, na chumba cha nyuma nimekutandikia kitanda na blanketi mbili. Timu yetu imefungwa tena, kwa hiyo hapo hujakosa kitu.

Jana nilienda mizani, ile ya nafaka kando ya maghala. Ilikuwa kama kwenda kliniki. Mbele yetu kulikuwa na wastaafu wengine na magari yao yanayong'aa, kila mmoja kavuta tumbo ndani utadhani itasaidia. Zamu yetu ilipofika, yule kijana wa mizani alitikisa kichwa.

"Mama, umebeba nini humu, kanisa?"

"Masufuria mawili na mume mmoja," nikamwambia.

"Basi ni mume wa chuma. Mmezidi, tena sana. Siwezi kukuambia uende nayo popote."

Nikashangaa, maana mimi nilikuwa nimepakia kidogo. Nikaegesha pembeni, nikafungua sanduku la chini ya kitanda. Mungu wangu, Neville. Cherehani yangu ilikuwa humo, ile ya chuma ya mama. Makoti yangu yote ya baridi. Viatu vyangu, sufuria yangu kubwa ya jemu, vitabu vyangu, mafuta ya kupaka, hata ile sanamu mbaya ya jogoo tuliyopewa harusini. Siku zote hizo nikidhani anatafuta oili, alikuwa anavibeba kidogokidogo kutoka ndani ya nyumba.

Nikamuuliza, "Merv, haya yote ya nani?"

Akanitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mhudumu wa posta.

"Ya mke wangu," akasema. "Karbina kuna baridi. Sitaki akapate shida."

"Na mke wako yuko wapi?"

"Nyumbani. Ukinisaidia kumaliza hapa, tutampitia."

Nilirudisha vitu vyote mahali pake na nikaendesha hadi nyumbani, na yeye njia nzima ananieleza jinsi mke wake anavyopika.

Sasa umeyajua. Sikutaka kukuandikia, nilidhani ukija utamwona mwenyewe na mimi sitalazimika kuyaandika. Kuna siku ananijua bado. Juzi aliniita Glen, akanisogezea kiti. Ninazihesabu siku hizo kama mtu anayechota maji kwenye dumu linalovuja. Njoo upesi, mdogo wangu. Leta hizo springi. Na kama huzileti, njoo hivyohivyo, nitatoa mzigo wote, tutaenda na nguo tulizovaa.

Dada yako anayekupenda,
Glenys

*

Charleville, 25 Juni 2018

Dada Glenys,

Salamu. Nilitoka nyumbani Jumanne nikiwa na springi nyuma na Dizeli pembeni yangu. Nimefika hapa Charleville, bering ya gurudumu la mbele imeanza kulia. Naogopa kuendelea nayo. Nageuza, nirudi nyumbani polepole nikaitengeneze vizuri, halafu nitakuja mwezi wa nane, vumbi likitulia.

Pole kwa usumbufu. Usiondoke bila springi.

Msalimie shemeji.

Neville

*

Mannum, 19 Julai 2018

Neville,

Sina salamu leo.

Bering. Wewe uliyewahi kubadilisha gia boksi nzima kando ya njia ya Birdsville, Merv kashika tochi na nzi wanaingia mdomoni. Fundi wa miaka arobaini, kwenye mji wenye maduka ya vipuri kila kona, umeshindwa na bering? Tena uko karibu nusu ya njia, na kurudi ni mbali sawasawa na kuja. Hata mtoto wa Tamsin hawezi kuamini hiyo.

Nitakuambia kilichokushinda. Ulisoma barua yangu ya mizani. Unaogopa kwamba Merv atakutazama usoni asikujue. Mtu uliyekua naye, aliyekupigania kwenye dansi, aliyekusimamia ulipooa na akakaa nawe ulipoachwa. Unaogopa atakuita "bwana" na kukuuliza unatafuta nani. Basi jua kwamba na mimi naogopa hilohilo, kila ninapofungua mlango na chai mkononi. Ila mimi sina Mareeba ya kurudi.

Tarehe mbili mwezi huu alitoka alfajiri akiwa na soksi bila viatu. Alikuwa anaenda kumchukua mke wake kituoni. Majirani walimkuta mtoni, maji yakiwa yamemfika kifuani, anamwita. Anamwita kwa jina langu, Neville. Mimi nilikuwa pale ukingoni naitika, naitika, na yeye ananiambia, "Mama, ondoka hapo, utanizuia nisimwone."

Sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wanamtunza vizuri, sina lawama. Mlango una namba za siri. Daktari amesema safari ya mbali haiwezekani tena, hata kwa gari la mfalme.

Ulisema kweli kuhusu mifuko ya hewa. Nimeuliza, kila fundi anakubaliana na wewe, chesisi ingepasuka. Lakini mwezi wa nne alikuwa ananiita Glen. Ningekaa naye kando ya chesisi iliyopasuka, katikati ya uwanda wake, tukisubiri gari la kutuvuta. Ningeridhika na hilo.

Glenys

*

Mareeba, 6 Agosti 2018

Dada yangu,

Ni kweli. Bering ilikuwa nzima.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara naishia kueleza habari za gari. Ni kitu pekee ninachokijua. Uliponiambia Merv anaumwa, nilifikiri nikilitengeneza gari vizuri vya kutosha basi na jambo lenyewe litatengenezeka. Ndivyo nilivyo mjinga.

Springi nimezituma kwa lori la mizigo. Najua utaona zimechelewa. Nimeona aibu kuzitazama pale bandani.

Sijui nikuombe nini. Nisamehe kama unaweza.

Neville

*

Mannum, 23 Septemba 2018

Mdogo wangu Neville,

Salamu. Mvua ya mwisho wa baridi imenyesha kidogo na mashamba yote ni manjano ya maua. Ndege wamerudi mtoni. Nimeona picha ya mjukuu wako ameketi mwenyewe, amenona kama mkate wa maziwa. Goti langu ni lilelile.

Nilikasirika muda mrefu. Bado nina kipande cha hasira, nitakibakiza, kinanisaidia kuamka asubuhi. Lakini wewe ni ndugu yangu, sina mwingine, na chuki ni kazi nzito kwa mtu wa umri wangu.

Springi zilifika. Mwanzoni niliziacha nje kwenye kasha lake wiki nzima. Halafu nikamwita fundi, akazifunga pamoja na vizuia mtikisiko. Nikaifunga karavani nyuma, nikasogea mbali nikaangalia. Limesimama sawasawa, Neville, mbele na nyuma, kama meza. Halijawahi kuwa gari zuri namna hii tangu tulinunue. Nikalia hapo barabarani hadi jirani akaja kuuliza kama limeharibika.

Jumatano iliyopita niliomba ruhusa nitoke na Merv mchana mmoja. Walisita, nikawaambia nitakuwa karibu na nitarudi kabla ya chakula cha jioni. Nikamfunga mkanda, nikavuta karavani kupitia kijiji cha Sedan hadi kule kwenye uwanda wa ngano, mahali ambapo upande mmoja huoni mti. Si Karbina, lakini ni tambarare na mbingu ni kubwa. Gari lilivuta bila kulalamika. Halikuchemka, halikuyumba, mkia haukulala. Nilikuwa nakuambia kimoyomoyo kila kilomita, tazama, Neville, tazama.

Merv alishuka, akasimama akiangalia mbali kwa muda.

"Hapa si kwetu," akasema. Halafu akaona uso wangu, akaongeza kwa upole, "Lakini pazuri, mama. Asante kwa kunileta."

Nikampikia soseji na vitunguu kwenye jiko la karavani. Alikula zote. Alipoingia ndani hakuuliza kitu, alijua kila mahali palipo. Akatundika kofia yake kwenye msumari wake, akavua viatu, akalala upande wake wa kitanda, ule wa dirishani. Nilikuwa nimechoka, na nilimkumbuka sana, mume wangu akiwa palepale mbele yangu. Nikaona nijilaze kando yake kidogo tu, hata asiponijua. Nikakaa kitandani. Akanyoosha mkono akaufunika ule upande wangu kwa kiganja.

"Samahani, mama," akasema. "Hapo analala mke wangu."

Nikasema, "Basi sawa." Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlangoni.

Nakuandikia haya si kwa kukuadhibu. Nataka ujue kabla hujaja, maana utakuja. Atakuita bwana. Itauma kwa siku moja, halafu itauma kwa namna nyingine, na utakaa naye mnywe chai, na atafurahi kupata mgeni. Anapenda wageni. Njoo bila kifaa chochote, hata spana moja usilete.

Nilikuwa bado pale kwenye ngazi, nikidhani ameshalala, aliponiita.

"Mama, mke wangu anakuja na gari gani?"

"Na Landkruza," nikamjibu. "Anavuta karavani."



"Ukimwona," akasema, "mwambie asikimbize. Afike tu. Mwambie mimi nipo, sina haraka."

Nikamwambia nitamwambia. Akanishukuru, akageukia dirishani, akalala, na kiganja chake bado kiko pale kwenye upande wangu.

Dada yako,
Glenys